Wasomaji wanauliza: Wale wanaanga nane wa kwenye picha walihukumiwa kweli?

Salamu wapendwa wasomaji. Toleo lililopita niliigusia juu juu ile picha ya sinema ya zamani isiyo na rangi, The Purple Heart ya mwaka 1944, ya wale wanajeshi wa anga nane wa Marekani waliotekwa na Wajapani wakapandishwa kizimbani Tokyo. Kumbe wengi mmeitafuta mkaiangalia, na meseji zimekuja nyingi, zingine ndefu kweli kweli. Leo ukurasa wote naupa picha hiyo.

*Shikamoo mhariri. mimi na mzee wangu tumeiangalia ile picha juzi umeme uliporudi, tumemaliza saa sita usiku na mzee hakulala, anasema ile ni kesi ya kweli kabisa na wale jamaa wote nane waliuawa kama tulivyoona mwishoni wanatoka kwa gwaride. Mimi nasema ni maigizo tu, Wamarekani wanapenda kujisifia. nani yuko sahihi? Kijana, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Mzee ana nusu ya ukweli na wewe una nusu yako, na nusu ya mzee ndiyo nzito zaidi.

Wanaanga nane walitekwa kweli. Baada ya Japani kupiga Pearl Harbor, kituo cha wanamaji wa Marekani kule Hawaii, Desemba 1941 Marekani ilikuwa inapokea kipigo tu kila upande, wakatafuta namna ya kuipiga Tokyo hata mara moja ili watu wao nyumbani wapate moyo. Wakachukua ndege 16 za mabomu aina ya B-25, ambazo ni ndege za kuruka uwanjani kwenye njia ndefu, wakazipandisha juu ya meli ya kubebea ndege iitwayo Hornet, kila ndege watu watano, jumla watu 80, chini ya Luteni Kanali James Doolittle. Kuruka kutoka kwenye meli waliweza, kutua tena juu yake haiwezekani, kwahiyo mpango ulikuwa wapige alafu waendelee mbele mpaka China wakatue huko. Asubuhi ya tarehe 18 Aprili 1942 mashua ya doria ya Kijapani ikawaona, wakalazimika kuruka mapema wakiwa bado zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Japani, na hapo hesabu ya mafuta ikavurugika. Walipiga Tokyo, Nagoya, Kobe na miji mingine, alafu ndege moja ikaenda kutua Urusi karibu na Vladivostok na 15 zikaishia China usiku, mvua inanyesha, mafuta yamekwisha, wengine wakaruka kwa miavuli gizani na wengine wakaangukia baharini. Watatu walikufa kwenye kuanguka huko. Nane wakaingia mikononi mwa Wajapani, watu wa ndege mbili tofauti. Waliobaki wengi walifichwa na wanakijiji wa Kichina mpaka wakatoka salama, na hili la wanakijiji nitalirudia chini kwasababu picha haijawatendea haki.

Sasa kesi. Kwenye picha unaona mahakama kubwa Tokyo, hakimu amekaa juu, waandishi wa habari wa nje wamejaa, wanaanga wanasimama wanajibu hoja, mmoja wao ni mwanasheria anataja sheria za kimataifa, na kapteni anatoa hotuba ya nguvu ukumbi wote unamsikiliza. Kesi ya kweli ilifanyika Shanghai, China, tarehe 28 Agosti 1942, ndani ya jeshi, bila wakili, bila mwandishi hata mmoja, na ilikwisha haraka mno. Mmoja wao, Dean Hallmark, aliletwa kwa machela maana kuhara damu kulikuwa kumemmaliza, alilala pale chini kesi inaendelea juu yake. Na sheria yenyewe waliyohukumiwa nayo ilitungwa mwezi huo huo wa Agosti, miezi minne baada ya tendo! Mtu anafanya jambo Aprili, sheria inaandikwa Agosti, anahukumiwa kwa sheria ya Agosti.

Wote nane wakahukumiwa kifo. Baadae watano wakapunguziwa kuwa kifungo cha maisha, na watatu, yani huyo Hallmark, William Farrow na Harold Spatz, wakapelekwa makaburini nje ya mji wa Shanghai tarehe 15 Oktoba 1942 wakapigwa risasi. Wa nne, Robert Meder, alifia gerezani Desemba 1943 kwa beriberi, yani ugonjwa wa kukosa vitamini, na kuhara. Wanne walitoka hai.

Kwahiyo mwambie mzee wako kwamba mateso ni ya kweli na kifo ni cha kweli, ila ile mahakama yenye nafasi ya kujibu wale vijana hawakupewa. Mimi hapo ndipo roho inaponiuma kila nikiiangalia, kwasababu picha ilitaka kuwaonyesha Wajapani ni wabaya lakini ikawapa mahakama nzuri kuliko ile waliyokuwa nayo. Hotuba ya kapteni ni tamu, ila ukweli ni kijana wa watu amelala kwenye machela hajui hata kinachosemwa juu yake, na hilo ni baya zaidi na lingetosha.

*Naomba kuuliza ile sehemu ya mabawa. Wanaambiwa wakisema ndege zilitoka wapi watapelekwa kambi ya kawaida ya mateka, wakigoma wanakufa, basi kila mtu anatumbukiza beji yake ya mabawa kwenye chombo, akivunja hata mmoja ina maana wanasema. Zinamwagwa zote nzima. nililia. Ilitokea kweli? Dada, Arusha*

Dada yangu, hata mimi ile sehemu hunikamata koo. Lakini hapana, ile ni kazi ya waandishi wa picha.

Jambo lenyewe la kuulizwa ndege zimetoka wapi ni kweli tupu. Wajapani walikuwa wamechanganyikiwa, jeshi la nchi kavu linawalaumu wanamaji kwamba wameruhusu meli ya adui kusogea. Rais Roosevelt alipoulizwa na waandishi alijibu zimetoka Shangri-La, nchi ya kubuni kwenye hadithi. Mateka wakapelekwa Tokyo kwa Kempeitai, polisi wa kijeshi, na waliyotendewa yapo kwenye ushahidi wa walionusurika: kumiminiwa maji usoni mpaka mtu anazama akiwa nchi kavu, kuning'inizwa kwa pingu ukutani usiku kucha, kupigishwa magoti na kijiti cha mwanzi nyuma ya magoti alafu mtu anakukanyaga mapaja.

Na hapa nasema wazi maana naona wengi kwenye meseji mnarudia kwamba wanaume wale hawakusema hata neno. Walisema. Mwishowe waliwekewa makaratasi ya Kijapani wasiyoweza kuyasoma wakaambiwa watie saini, wakatia, na karatasi hizo ndizo zilizowafunga kwenye kesi. Mtu aliyemiminiwa maji siku kadhaa akasema "tulitoka kwenye meli", huyo hajamsaliti mtu, amebaki mwanaume yule yule na shujaa yule yule. Picha ilipima ushujaa kwa kunyamaza na mimi kipimo hicho sikikubali. Fikiria yule mmoja anayetoka hai 1945, anakaa nyumbani, anakuta watu wote mjini wameona picha ambayo wenzake hawakusema kitu, na yeye anajua chumba kile kilikuwaje.

Siri yenyewe hata haikuwa siri tena. Hornet ilizamishwa Oktoba 1942, na Aprili 1943 serikali ya Marekani ikatangaza yenyewe kwamba ndege zilitokea kwenye meli ile. Picha inatoka mapema 1944 watu wote ukumbini wanajua jibu ambalo kapteni anakufa nalo.

Ila nimpe muongozaji haki yake. Mateso hakuyaonyesha. Mtu anachukuliwa, mlango unafungwa, wenzake wanakaa wanasubiri, alafu anarudi mmoja akili imeruka, mwingine sauti imekufa hawezi kutamka. Wewe unayeangalia unaujaza ule mlango mwenyewe. Nimeona picha za saivi zenye damu mpaka kwenye kioo cha kamera na hazinitishi kama mlango ule.

*Mhariri mbona wale Wajapani wengine hawafanani na Wajapani alafu wanaongea Kiingereza kizuri kuliko mimi. Hapa kibanda umiza jamaa walikuwa wanabishana. Msomaji, Mwanza*

Jamaa zako wana macho. Karibu wote mle ndani sio Wajapani. Yule jenerali mkubwa, adui wa stelingi, ni Richard Loo, mzaliwa wa Hawaii wa wazazi wa Kichina, na alicheza Mjapani mbaya kwenye picha nyingi sana za vita.

Kwanini wasichukue Wajapani wa pale pale California? Kwasababu walikuwa nyuma ya senyenge. Februari 1942 Roosevelt alitia saini amri, na watu kama 120,000 wenye asili ya Kijapani waliokuwa wanaishi pwani ya magharibi ya Marekani wakaondolewa majumbani wakapelekwa makambini jangwani na milimani, na wengi wao, kama theluthi mbili, walikuwa raia wa Marekani waliozaliwa hapo hapo. Hawakuwa na kesi, hawakuwa na wakili. Sasa picha inayolia kwamba watu wamehukumiwa bila haki inatengenezwa Hollywood, na mwendo wa saa chache tu kwa gari kuna makambi ya watu waliofungiwa bila hata kuhukumiwa. Sisemi yanalingana, hawakupigwa risasi kama Farrow na wenzake. Ila nikiiangalia picha siwezi kuyatoa makambi yale kichwani.

Na Wachina nao. Kwenye picha kuna mkuu wa mkoa wa Kichina aliyewauza wanaanga, anakuja kutoa ushahidi dhidi yao, na mwanae wa kumzaa anamuua kwa aibu. Ni sehemu nzito, nakubali, na inaonyesha kwamba wapo Wachina waliokuwa upande wao. Lakini mtu akitoka pale anachokumbuka ni msaliti. Kumbe wale wanakijiji wa Zhejiang na Jiangxi waliwabeba wanaanga mgongoni, wakawavika nguo zao, wakawavusha mito usiku, na Wajapani walipojua wakaingia mikoa ile kuanzia Mei mpaka Septemba 1942 wakichoma vijiji na kuua mtu yeyote aliyekutwa hata na kipande cha mwavuli au zawadi ya Mmarekani. Idadi inayotajwa siku zote ni Wachina 250,000. Hata vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo viliachwa kwenye visima. Wanaanga waliouawa kwa hukumu ni watatu na tunawajua majina. Wale wa vijijini picha haikuwapa hata dakika moja, na kama ningekuwa na uwezo wa kuongeza sehemu moja tu mle ndani, ningemuongeza mama mmoja wa Kichina anayefungua mlango usiku wa mvua.

*Babu yangu alikuwa keya, yani askari wa KAR wa Waingereza, alipigana Bama (Burma, siku hizi Myanmar) na Wajapani, mpaka anakufa alikuwa hataki hata kusikia gari la Kijapani. Picha kama hizi zilimuhusu vipi mtu kama yeye? Mjukuu, Nyeri*

Pole kwa babu, Mungu ampumzishe. Picha hii ilitengenezwa kwa ajili ya Wamarekani, ila vita ni ile ile na mwaka ni ule ule. Mapema 1944 wakati kumbi za Marekani zinaanza kuionyesha, meli ya Khedive Ismail ilikuwa imeondoka Mombasa imejaa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na manesi, na tarehe 12 Februari nyambizi ya Kijapani ikaipiga karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa karibu watu 1,300. Alafu baadae mwaka huo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikaingia Bonde la Kabaw huko Bama wakati wa masika, matope mpaka kiunoni, malaria kila hema, wakasukuma mpaka Kalewa mwezi Desemba. Nadhani babu yako kama alikuwa kwenye njia ile hakuhitaji mtu wa sinema amfundishe kumchukia Mjapani, alikuwa na sababu zake alizozibeba mwenyewe, na ninyi wajukuu kama kuna barua au picha zake hata moja imebaki msiziache zikaliwa na mende.

*Mwanangu yuko kidato cha pili anapenda historia. Je nimuonyeshe hii picha au ni propaganda itamharibu? Mama wawili, Tanga*

Muonyeshe mama, ila kaa nae, usimuachie simu akaangalia peke yake.

Ni propaganda, hilo halifichiki, ilitengenezwa ili watu wachukie na waendelee kununua hati za vita, yani kuikopesha serikali pesa za vita, na kupeleka watoto wao jeshini. Mjapani mle ndani hana mama wala huzuni, ni meno na upanga tu, na mtoto aambiwe hivyo waziwazi. Aambiwe pia kitu picha ilichokificha kabisa: mabomu ya Aprili 1942 yaliua raia, akiwemo mwanafunzi aliyepigwa risasi shuleni kwake Tokyo. Kwenye picha mashtaka ya kuua raia yanaonyeshwa kama uongo mtupu wa Wajapani. Sio uongo mtupu. Haimaanishi wale vijana walistahili kuuawa vile, ila mtoto wa kidato cha pili ana uwezo wa kubeba vyote viwili kichwani.

Alafu ikifika hotuba ya mwisho ya kapteni, bonyeza isimame kidogo. Anawaambia majaji kwamba wakiwaua wao, ndege zitakuja nyingi mpaka anga iwe nyeusi na miji yao itaungua mpaka chini. Ukumbini 1944 watu walishangilia. Mwaka mmoja baadae, usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945, ndege za mabomu za Marekani aina ya B-29 zikaimwagia Tokyo mabomu ya moto na watu kama 100,000 wakafa usiku mmoja, wengi wao kina mama, wazee na watoto. Kilichosemwa na mwigizaji kilikuja kutendeka vile vile. Muulize mwanao anaonaje, usimjibie.

Na umwambie aliyeongoza picha hii ni Lewis Milestone, mtu yule yule aliyepata Oscar kwa picha ya 1930 iliyowaonyesha askari wa Kijerumani wa vita ya kwanza kama watoto wa watu wanaokufa bure. Miaka 14 kati ya picha moja na nyingine. Mimi ningependa kujua alilala vipi usiku, yule wa 1930 akikutana na huyu wa 1944.

*Familia zao je? Walijua watoto wao wameuawa? Na mmoja nimesikia alirudi Japani, kweli? Msomaji wa siku zote, Unguja*

Kweli, anaitwa Jacob DeShazer, ndiye aliyekuwa mrusha mabomu kwenye ndege ya Farrow iliyopiga Nagoya. Alikaa mateka miezi 40, mingi akiwa peke yake kwenye chumba kidogo. Baada ya Meder kufa wale waliobaki walipewa Biblia wakawa wanapokezana, zamu yake ilikuwa wiki tatu, akaisoma mpaka akaweka sehemu zingine kichwani. Alirudi Japani 1948 kama mmisionari, akaishi huko miaka mingi, na akaanzisha kanisa Nagoya, mji ule ule alioupiga. Mitsuo Fuchida, rubani aliyeongoza ndege za Pearl Harbor, alisoma kijikaratasi cha habari zake na baadae akawa Mkristo, wakaja kuwa marafiki. Mwenzie Chase Nielsen yeye alirudi Shanghai 1946 kutoa ushahidi kwenye kesi ya maofisa wanne wa Kijapani waliohusika na hukumu ile, watatu wakapata miaka mitano na mmoja miaka tisa. Wengi waliona ni kidogo mno.

Kuhusu familia. Aprili 1943 Roosevelt alitangaza kwamba baadhi ya wanaanga waliotekwa wameuawa. Baadhi. Majina hayakutoka. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mama wa mmoja wa wale nane, karibu mwaka mzima unajua wapo waliouawa na hujui kama wako yumo, alafu mapema 1944 inatoka picha mjini kwenu na mwishoni wanaanga wote nane wanatoka kwa gwaride kwenda kufa, muziki wa jeshi la anga unapigwa. Na saa ile ile wanne wao walikuwa hai, wamekonda, kila mmoja kwenye chumba chake gerezani Nanking. Walitolewa Peking Agosti 1945.

Wale watatu, usiku wa kuamkia siku ya kuuawa, walipewa karatasi waandike barua za kuaga nyumbani. Waliandika. Barua hazikutumwa, ziliwekwa kwenye mafaili ya jeshi, na zilipatikana vita vilipokwisha, pamoja na majivu yao kwenye vikasha vilivyoandikwa majina ambayo sio yao.